Namna ya kuunda shirika la hisani la Wasomali wa Uganda litakalolipa mkunga na mwalimu nyumbani

Ujumbe ulitufikia Kisenyi, mtaa wa Kampala wenye Wasomali wengi, siku ya Ijumaa, mara tu watu walipotoka msikitini. Mama mmoja katika kijiji kilicho nje kidogo ya Barawa, mji wa pwani ya kusini mwa Somalia, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, mtoto hatoki, na jamaa zake walitafuta fedha za gari la kumpeleka Mogadishu, mwendo wa kilomita zipatazo 200. Kabla ya alasiri fedha zilikuwa zimechangwa duka kwa duka na kupelekwa kwa hawala, yaani wakala wa kutuma fedha, na magharibi haijaingia zikawa zimepokelewa. Gari lilipatikana usiku. Mama alifariki njiani, na mtoto hakuokoka.

Hakuna aliyekosea siku ile. Qaaraan, kama Wasomali tunavyoliita changizo la dharura, ilifanya kila inaloweza kufanya. Isiloweza ni kumweka mkunga kijijini kabla ya uchungu kuanza. Mkunga huwekwa na mshahara, na mshahara hutaka fedha inayoingia kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna aliyeugua wala aliyepiga simu kulia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka katika changizo la dharura na kufika kwenye mshahara huo. Nimeuandikia Wasomali wa Kampala, wa Mbale na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na majirani zetu wa Uganda wanaochanga nasi. Ninauandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha katika vikao vyetu: wazee waliotoka Barawa huzungumza Chimwini, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, vijana waliozaliwa hapa wamekiokota sokoni, na majirani hao hawajui Kisomali.

Mahali pamoja, kazi moja

Kikao cha kwanza cha kila kikundi huharibika kwa namna ile ile: kila mtu hutaja kijiji cha mama yake, orodha hurefuka, na kinachokubaliwa mwisho ni kusaidia wote kidogo kidogo. Msikubali. Chagueni mji mmoja au kijiji kimoja, zahanati moja au shule moja, na kazi moja ndani yake inayoweza kutajwa kwa sentensi fupi, kwa mfano: tutamlipa mkunga mmoja kwa miaka miwili. Mji mnaouchagua uwe na mtu mnayemwamini anayeishi pale, si mtu anayekwenda na kurudi, na uwe unafikika, kwa sababu mahali ambapo hakuna wa kwenda kuangalia hamtajua kama fedha yenu imetibu mtu au imepotea.

Kishawishi kikubwa zaidi ni jengo. Jengo linapigwa picha, lina jiwe la msingi, na mchangaji aliyetoa mabati huyaona mabati yake. Sisi wenyewe tulianza hivyo: tulijenga madarasa mawili, tukatumiwa picha nzuri za kuta zilizopakwa chokaa, na mwaka mzima ukapita bila mwalimu, kwa kuwa hatukuwa tumefikiri nani atamlipa. Tangu hapo nimeamini kwamba shirika dogo lisijenge chochote mpaka liwe limelipa mishahara kwa miaka miwili bila kukatika. Bi Edna Adan Ismail, mkunga aliyetumia pensheni na mali yake kujenga hospitali ya uzazi ya Hargeisa, iliyofunguliwa mwaka 2002, alianza kuwafundisha wauguzi hata kabla jengo halijakamilika. Aliwatanguliza watu, na ndiyo sababu hospitali ilipofungua milango ilikuwa na mikono ya kupokea watoto.

Uzito wa kazi hii ya mkunga unaonekana katika uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliotolewa na serikali ya Somalia mwaka 2020, ambao ulikadiria vifo vya akina mama 692 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Vingi vya vifo hivyo husababishwa na kutokwa damu, kifafa cha mimba, uambukizo au mtoto kukwama, mambo ambayo mtu mwenye ujuzi, akiwapo kwa wakati, huyazuia au huyatambua mapema kiasi cha gari kuwa na maana.

Kamati

Watu saba wanatosha. Wasitoke katika ukoo mmoja, hata kama mji mnaousaidia una ukoo mmoja wenye wengi, kwa sababu siku fedha itakapochelewa, maneno ya kwanza yatakayosemwa ni kwamba imekaa kwa jamaa wa fulani. Angalau watatu wawe wanawake, na sisemi hivyo kwa adabu tu: katika Kisenyi ninayoijua mimi, akina mama wauza nguo, uji na viungo ndio wanaoendesha hagbad, yaani upatu wetu, na mtu aliyeshika upatu wa watu ishirini kwa miaka kumi bila senti kupotea amekwisha kufaulu mtihani ambao hakuna cheti kinachoweza kuuthibitisha vizuri zaidi. Mweka hazina atoke miongoni mwao. Wekeni pia mwanafunzi mmoja wa uuguzi au udaktari. Vijana wengi wa Kisomali wanasoma Uganda, katika vyuo vya Ishaka, Kampala na kwingineko, na mtu anayeweza kusoma orodha ya dawa na kuuliza swali linalofaa ni hazina kwenye kikao.

Andikeni katiba fupi. Itaje ukomo wa uongozi, itaje kwamba hakuna mjumbe atakayelipwa, na itaje kwamba fedha haitoki benki bila saini mbili kati ya tatu, na wenye saini hizo wasiwe mtu na mkewe wala ndugu wa tumbo moja.

Usajili

Baadhi ya watu wetu hukwepa jambo hili kwa kuogopa ofisi, na wengine kwa kudhani kwamba mkimbizi haruhusiwi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya faida. Shirika la hisani ni chama cha aina hiyo hasa. Hata hivyo ni busara wajumbe waanzilishi wawe mchanganyiko wa wakimbizi na raia, kwa sababu raia ana kitambulisho cha taifa, na kazi nyingi za ofisini na benki huenda upesi zaidi akiwapo.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kusajili kikundi cha kijamii wilayani, au kwa wakazi wa Kampala kupitia ofisi za divisheni zilizo chini ya KCCA, mamlaka ya jiji. Kisenyi iko Divisheni ya Kati. Mtaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa au kijiji, ambaye barua yake ndiyo ufunguo wa milango yote inayofuata, kwa hiyo mtembeleeni kabla hamjamhitaji, mwelezeni kazi, na mwalikeni kwenye kikao aone kwa macho yake. Njia hii ni nyepesi, lakini kikundi cha aina hii kisheria ni cha eneo dogo la ndani, na hakijaundwa kwa ajili ya kupeleka fedha nje ya nchi kwa miaka mingi. Kitumieni kama hatua ya kujifunzia, mkiweka akiba na kusaidia wagonjwa na wanafunzi walioko hapa hapa.

Njia ya pili, ambayo ndiyo itakayowafaa kwa kazi ya nyumbani, ni kusajili kwanza kampuni isiyo na hisa inayowekewa dhamana na wanachama wake, katika URSB, ofisi ya taifa ya usajili wa kampuni, kisha kuomba cheti na kibali cha shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria ya mwaka 2016. Tangu marekebisho ya 2024 shughuli hizo ziko ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtatakiwa kuonyesha katiba, majina ya viongozi, mpango wa kazi na bajeti, na mapendekezo kutoka ngazi ya wilaya. Elezeni waziwazi katika mpango wa kazi kwamba sehemu ya fedha itatumika Somalia, mkitaja mji na zahanati au shule, kwa sababu jambo lililoandikwa tangu mwanzo halimshtui afisa, na lililofichwa humshtua hata likiwa jema. Kibali kina muda wake na huhuishwa. Kila mwaka mtawasilisha ripoti na hesabu zilizokaguliwa. Baada ya hapo chukueni namba ya mlipakodi kwa URA, mamlaka ya mapato, na fungueni akaunti ya benki kwa jina la shirika.

Nataka nieleze kwa nini nasisitiza karatasi. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka Kampala, kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kabalagala, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na zaidi ya 70 wakauawa. Al-Shabaab walidai kuhusika. Sisi tuliokuwa tumewakimbia watu hao hao tulitazamwa kwa jicho jingine kwa muda mrefu, na yeyote aliyekuwa akipeleka fedha nyumbani alitakiwa ajieleze. Kikundi chenye daftari safi, risiti na majina ya wapokeaji kilijieleza kwa dakika chache. Kisicho nayo kiliteseka, ingawa fedha yake ilikuwa ya uji wa watoto.

Fedha ya kila mwezi

Wekeni kiwango ambacho muuza soksi anaweza kukitoa hata mwezi mbaya. Watu 60 wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja, mna shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na fedha hiyo ndogo inayokuja bila kukosa ina nguvu kuliko milioni kumi za mfanyabiashara mmoja zinazokuja mara moja na kuishia kwenye sherehe ya kumshukuru. Mfanyabiashara huyo mpokeeni kwa heshima, lakini fedha yake iwekeni kwenye akiba, msijenge mshahara juu yake.

Daftari letu la kwanza lilikuwa la kawaida la kurasa 96, lenye jalada la bluu, lililokaa chini ya kaunta ya duka la viungo. Kila ukurasa ulikuwa na jina moja, na kila mwezi mstari mmoja: tarehe, kiasi, saini ya mtoaji, saini ya mpokeaji. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Lilinuka mdalasini, na kurasa za mwanzo ziliingia mafuta, lakini mkaguzi wa hesabu alipolisoma alisema hakuna kitu kinachokosekana. Mkianza kupokea michango kwa simu, kwa MTN au Airtel, endeleeni kunakili kila mchango kwenye daftari, na kumbukeni kwamba kutoa fedha taslimu kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya wakala. Kwa hiyo ni nafuu kuihamisha fedha moja kwa moja kwenda benki kuliko kuitoa na kuibeba mkononi.

Zaka ishikeni peke yake, katika daftari lake na akaunti yake. Wenye haki ya kupewa zaka wametajwa katika Qurani, makundi manane, na maskini na fukara ndio wa mwanzo. Fedha hiyo inafaa kumlipia matibabu mgonjwa asiye na kitu au ada ya yatima, ilhali wanazuoni wengi hawairuhusu ijenge ukuta au kununua friji. Muulizeni sheikh wenu, andikeni jibu lake katika kumbukumbu za kikao, na mwambieni mchangaji wa Ramadhani fedha yake itaingia wapi. Mishahara na vifaa vilipwe kwa sadaka na michango ya kila mwezi.

Msimwajiri mtu kabla hamjaweka akiba ya mishahara yake ya miezi sita. Mtakusanya kwa shilingi na kulipa kwa dola, maana Somalia mishahara na bei nyingi huhesabiwa kwa dola, na shilingi ikishuka mtajikuta mmepungukiwa bila mtu yeyote kuacha kuchanga. Sisi huongeza moja ya kumi juu ya bajeti kwa ajili hiyo.

Njia ya fedha

Ofisi za hawala zipo Kisenyi hatua chache tu kutoka kila duka, na fedha hufika siku hiyo hiyo. Tumieni iliyosajiliwa, toeni jina kamili la mpokeaji na namba yake ya simu, na daini risiti yenye jina la shirika, si jina la aliyebeba fedha. Kanuni yetu moja ambayo hatujawahi kuilegeza ni hii: mshahara wa mkunga huingia kwenye simu ya mkunga, na wa mwalimu kwenye simu ya mwalimu. Kusini mwa Somalia karibu kila mtu hulipwa kwa EVC Plus ya Hormuud, Puntland kwa Sahal ya Golis, na Somaliland kwa Zaad ya Telesom, zote huduma za fedha kwa simu, kwa hiyo hakuna sababu ya fedha kupita mkononi mwa mjomba. Mjomba anaweza kuwa mwaminifu kuliko sisi sote, lakini siku mwanawe atakapolazwa na yeye ana mshahara wa mtu mfukoni, mtakuwa mmempa mtihani ambao hakuuomba.

Kule kule undeni kamati ya watu watatu, mmoja wao mwanamke, isiyoshika fedha hata kidogo. Kazi yao ni kuona na kuthibitisha: mkunga yupo, darasa linafundishwa, dawa zimefika. Wapigieni kila mmoja kwa siku tofauti na muulize maswali yale yale.

Jueni pia njia ya pili ya kupelekea fedha. Novemba 2001 Marekani iliifunga Al-Barakaat, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za hawala za Kisomali, na familia zilizokuwa zikiitegemea peke yake zilikaa bila chochote kwa kosa lisilo lao. Na kama Al-Shabaab watadai ushuru kwa zahanati au kwa mwalimu, simamisheni kazi mahali hapo na mhamishieni mfanyakazi wenu mji mwingine. Inauma kuiandika sentensi hiyo, nami najua wagonjwa watakaoachwa ni akina nani, lakini shilingi moja ikifika kwa watu hao ni uhalifu kwa sheria za Uganda na za Somalia, na ni mwisho wa shirika.

Zahanati

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, pateni barua ya wizara ya afya ya jimbo. Kwa Barawa ni ya Kusini Magharibi. Kwa Hargeisa au Borama ni wizara iliyoko Hargeisa. Ulizeni zahanati ya jirani inalipa kiasi gani, na lipeni kiasi hicho hicho. Mkizidisha, mtamng'oa mkunga wa zahanati ya serikali iliyo umbali wa kilomita kumi, na akina mama wa huko watabaki na mlango uliofungwa kwa sababu ya ukarimu wenu.

Chanjo msinunue, huingia kupitia wizara kwa msaada wa UNICEF na Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo. Linalokosekana mara nyingi ni nauli ya muuguzi wa kuzipeleka vijijini, na nauli hiyo ndiyo mnayoweza kuilipa. Dawa zinunueni huko huko kwa wauzaji wa jumla wanaokubaliwa na wizara. Mwaka mmoja duka la dawa la hapa Kampala lilitupa katoni sita kwa moyo mweupe, tukashukuru, tukalipa usafiri, na zilipofunguliwa nusu yake zilikuwa zimebakiza miezi mitatu kuisha muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapofika nchini. Na mkilazimika kupeleka dawa kutoka Uganda, ombeni kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Kitu ambacho ningependa kila kamati ikifahamu vizuri kuliko vyote ni friji. Oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa dirishani kwenye joto la pwani ya Benadir hupoteza nguvu yake, na hakuna kinachoonyesha. Kichupa ni kile kile, maji yake ni maangavu vile vile, na mkunga humchoma mama akiamini amemsaidia. Lipieni friji ya umeme wa jua, na ndani yake kipimajoto. Ukutani pembeni ya friji bandikeni karatasi yenye safu mbili, asubuhi na jioni, na mkunga aandike joto mara mbili kila siku. Mwisho wa mwezi atume picha ya karatasi hiyo kabla ya mshahara. Picha yetu ya kwanza ilionyesha siku nne mfululizo zenye nyuzi 14, betri ilikuwa imechoka, na vichupa vyote vilitupwa. Iliuma kuvitupa, lakini kama tusingekuwa na karatasi ile, vingetumika.

Shule

Fuateni mtaala wa wizara ya elimu ya Somalia, ule uliotolewa 2019, ambao watoto wa shule ya msingi husoma kwa Kisomali. Vitabu vya Kiingereza vya darasa la nne vilivyotumika Kampala haviwafai, hata viwe vingi na bure. Wazee wetu wanalijua jambo hili kwa uzoefu: Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na miaka miwili baadaye wanafunzi wa shule walitumwa mashambani na kwa wafugaji kuwafundisha watu wazima kusoma. Waliosoma chini ya mti enzi hizo walisoma kwa lugha ya mama zao, na walisoma upesi.

Lipeni walimu kwanza, na mkipata wawili mmoja awe mwanamke, kwa kuwa wazazi wengi huwaacha binti zao shuleni baada ya kubalehe pale tu anapokuwapo mwalimu wa kike na choo chenye mlango unaofungwa. Ada ya yatima ilipwe kwa shule moja kwa moja. Kila mwezi ombeni picha ya daftari la mahudhurio, kurasa zote, na someni majina; mtaona ni nani amekosa wiki tatu, na mtawauliza wale watu watatu wa kamati ya kule amekwenda wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba familia imehama na mifugo, na mara nyingine ni kwamba ameozwa.

Kuhusu ufadhili wa masomo ya juu, vijana wa Kampala watawaomba mlipie shahada. Nawashauri fedha ya kwanza impeleke msichana wa mji ule ule, aliyemaliza sekondari, kwenye chuo cha ukunga kilichoko Somalia, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa na wazazi kwamba atarudi kufanya kazi nyumbani kwa miaka kadhaa. Ana nyumba pale, ana ukoo pale, na hatahitaji kushawishiwa kukaa.

Picha, majina na usalama

Wachangaji wana haki ya kuona kazi, lakini mtoto na mgonjwa nao wana haki yao, na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini kabla ya kukusanya na kusambaza taarifa za mtu. Kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi. Pigeni picha friji, daftari, choo, mikono ikifundisha. Mama aliyelala kitandani asipigwe hata akikubali, maana anakubali akiwa anatuhitaji.

Majina ya wafanyakazi na mahali hasa wanapoishi yasiwekwe hadharani. Tarehe 3 Desemba 2009, katika hoteli moja ya Mogadishu, mshambuliaji alijilipua kwenye mahafali ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Benadir. Waziri wa afya, waziri wa elimu na waziri wa elimu ya juu waliuawa pamoja na wahitimu na wazazi wao. Anayefundisha au kutibu Somalia anajua anachokihatarisha. Sisi tuliokaa salama Kampala tusimwongezee hatari kwa ajili ya picha ya kuwaonyesha wachangaji.

Ukame ukija

Utakuja. Tarehe 20 Julai 2011 njaa kuu ilitangazwa kusini mwa Bakool na Shabelle ya Chini, mikoa yetu yenyewe, na utafiti uliofuata ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Siku za namna hiyo kila mtu atataka akiba ya mishahara igeuzwe mahindi. Andikeni mapema katika katiba kwamba akiba hiyo haiguswi, na itisheni qaaraan peke yake, kwa daftari jingine. Njaa inapoingia ndipo utapiamlo na kuhara vinapojaza zahanati, na zahanati isiyo na muuguzi wakati huo haina kazi.

Shirika likifikisha miaka mitano, fikirieni waqfu, yaani mali inayotolewa moja kwa moja ili mapato yake yatumike kwa kazi ya heri. Duka moja la Kisenyi linalokodishwa linaweza kulipa mkunga hata vizazi vya wachangaji vikipita. Katiba ya Uganda humruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda, si kuimiliki kabisa, na kampuni ambayo wanachama wake wengi si raia huhesabiwa vivyo hivyo, kwa hiyo tafuteni wakili, sajilini wadhamini, na muda wa ukodishaji uwe mrefu kadiri sheria inavyoruhusu. Hati ya waqfu itaje mji, itaje zahanati, itaje nani atakayepokea iwapo zahanati hiyo itafungwa, na itamke kwamba kodi ya duka ikizidi mshahara, ziada italipia gari lenye dereva linalolala kwenye uwanja wa zahanati kila usiku.